Jinsi "Bat" Ilivyoota Mkia

Zamani sana, wajukuu zangu, Waturuki walipokuwa bado wakihamahama na kondoo wao, lugha yao ilikuwa na maneno ya vitendo tu, haikuwa na majina. Mtu alisema "bat", yaani zama, na mahali penyewe akapaonyesha kwa kidole. Kidole kilitosha, mradi macho yaone.

Siku moja ukungu ulishuka mzito. Aybike, mfumaji wa mablanketi ya sufu, alikaa hemani roho mkononi. Mumewe, Sungur, alikuwa ametoka alfajiri na kundi, na njia ya malishoni ilipita kando ya tope lililoweza kumeza ng'ombe mzima. Adhuhuri ikapita. Mara ikasikika sauti ya shemeji yake, Kutlu, kutoka ng'ambo ya bonde:

"Bat! Bat!"

Je, Sungur alikuwa akizama? Au alikwisha kutoka, akihitaji moto? Au ndiyo kwanza alikuwa akielekea huko, ikabidi azuiwe njiani? Alishika kamba, akaiweka. Akashika blanketi, akaliacha. Na kidole cha Kutlu hakikuonekana.

Ndipo akakumbuka miito ya machungani ambayo kila mtu aliijua. "Ak" walisema wakipigilia kigingi: mahali ni hapa. Kondoo waliambiwa "ta", tulieni humo. "Tan", tokeni humo. "A", nendeni huko. Akapaza sauti, akiiunga mmoja mmoja nyuma ya "bat", kuuliza kama Sungur ametoka mahali pa kuzama:

"Bat-ak-tan?"

Kisha Kutlu akajibu polepole:

"Bat-ak-ta."

Yumo. Aybike alibeba kamba, akamswaga fahali aliyefungwa nje, asaidie kuvuta, akakimbia akiifuata sauti ya shemeji yake. Walimkuta Sungur tope limemfika kidevuni, hawezi tena hata kuita. Walimvuta mpaka kamba ikawachuna viganja. Alitoka hai, bila viatu, na kondoo saba hawakuonekana tena. Kwa siku nyingi Aybike hakumruhusu aende mbali asikoweza kumsikia.

Na toka siku ile Waturuki hukitia kitendo mkia kikawa jina, na jina nalo hulitia mkia mwingine. "Batak" ni tope, "batakta", topeni, "bataktan", kutoka topeni. Na anayeelekea topeni husema "batağa", ambapo ile k hulainika hata isisikike, mithili ya mguu unaoanza kuzama.