Kijaluba cha Bi Mwanashuru

Enyi waungwana wa baraza, mliokaa mikekani na mliokalia kanzu zenu, nawaomba masikio. Ndimi zihifadhini, nitazihitaji mwishoni.

Hapo zamani, ila si zamani ya mbali, kwani hospitali zilikuwapo na foleni zake zilikuwapo, aliishi Bi Mwanashuru. Saratani ilimwandama, madaktari wakaliondoa ziwa lake la kushoto, akapona. Jirani wakamshukuru Mola. Naye akashukuru, kisha akafungua kijaluba cha fedha alichorithi kwa bibi yake, akasokota tumbaku, akavuta. Alivuta kibibi hasa: ncha yenye moto ndani ya kinywa, midomo imefumbwa, uso kama wa mtu anayesali.

Daktari Nakiete akamwambia, "Bibi, sikufichi. Moshi huu unayaalika maradhi yarudi. Hilo ziwa lililobaki unalipenda?"

"Nalipenda, mwanangu. Limekuwa mjane."

"Basi acha tumbaku."

Alirudi nyumbani anatetemeka. Alipotetemeka alitaka tumbaku, alipovuta alikumbuka maradhi, alipokumbuka alitetemeka. Mwisho akaapa mbele ya mumewe, kwa sauti iliyosikika mtaa mzima, "Atakayenitoa kwenye moshi, kijaluba hiki chake!"

Mumewe, Mzee Shomvi, naye alikuwa mvutaji. Akautupa msokoto wake chooni. "Nyumba haiachi tumbaku nusu," akasema, akaanza kumung'unya mabuyu. Midomo ikamwiva myekundu. Msikitini wakamuuliza, "Bwana Shomvi, shela umeliacha wapi?" Akavumilia. Bi Mwanashuru akaona haya kuvuta mbele yake. Akahamia nyuma ya banda. Kuku wakaanza kukohoa.

Ndipo akaja Maganga, mtani wake. Na mtani, mwajua, ana ruhusa ya kumcheka hata maiti, wala hanuniwi. Alikuja na jembe begani. Bi Mwanashuru, aliyekuwa amewasha msokoto sasa hivi, akafumba kinywa, moto ukabaki ndani. Maganga akampima kwa mpini, kichwa hadi kisigino, akaanza kuchimba kando ya banda huku akiomboleza:

"Nalia nalia mie, jiko langu lazimika,
Jamani mumuambie, kijaluba nitashika!"

"We Maganga, mbona walia mtu yu hai?" akauliza Mzee Shomvi.

"Nawahi, shemeji! Siku yenyewe waliaji watakuwa wengi, sauti yangu haitasikika!"

Kicheko kikampanda Bi Mwanashuru. Akakizuia, moshi ukamtoka puani. Akakizuia tena, msokoto ukapinduka, moto ukatua ulimini.

"Mayooo!"

Ulimi ukavimba kama andazi. Tumbaku haikuwezekana, hata uji ulipoa kwanza, na Mzee Shomvi ndiye aliyemnywesha, kijiko kwa kijiko, kwa midomo yake myekundu akimpulizia. Ulimi ulipopona, Bi Mwanashuru alikifungua kijaluba akiwa peke yake. Tumbaku ikanukia. Mate yakamjaa. Akaweka kiganja juu ya ziwa lake mjane, akakaa, akakaa. Kisha akaimwaga tumbaku yote shimoni mwa Maganga, akaifukia. Hakuvuta tena.

Hapo watatu wakakutana kwake, na ugomvi wa kijaluba ukaanza.

"Changu," akasema daktari. "Bila hofu niliyompa, angeachia nini?"

"Hofu yako ilimwongezea kiu!" akajibu Mzee Shomvi. "Ni changu. Nimeitwa bibi harusi kwa ajili yake."

"Nanyi nyote," akasema Maganga, "mlimpeleka bandani tu. Aliyemzimisha ni mimi."

"Ulimi ulipona," akasema Bi Mwanashuru polepole. "Mlikuwa wapi kijaluba kilipofunguka? Niliapa atakayenitoa. Nami nilijitoa."

Waungwana, sasa zifungueni ndimi. Mmoja alimpa sababu, mmoja alimpa mwenzi, mmoja alimpa kicheko na kidonda, na mwenyewe akafukia. Je, nani alistahili kijaluba?

Jibuni upesi, maana kuna anayengoja hukumu yenu. Kisa hiki nilisimuliwa kwanza na mwenye kijaluba, kikiwa mapajani pake, kimejaa mabuyu: Bi Mwanashuru binti Mngwali.