Magoti ya Evelina

Ukungu ulikuwa bado umeifunika misitu ya Magamba Paskalina alipoingia wodi ya wanawake. Alikuwa muuguzi wa watoto, tena akifanya utafiti wa afya yao, hivyo daktari wa wodi alishangaa kumwona.

"Umepotea njia, Paskalina? Hapa hakuna watoto."

"Sijapotea, daktari. Nataka kujua hawa walikuwa watoto wa namna gani."

Alikwenda kwenye kitanda cha Yusta, mkulima wa Mlalo. Alikuwa mjamzito, akihema kama aliyepanda mlima mbio. Vipimo vilionyesha kuwa vali za moyo wake, yaani vilango vya kupitishia damu, zimeharibika. Pembeni aliketi mama yake, Efrazia, akimnywesha uji.

"Shikamoo, mama," Paskalina alisalimu. "Yusta alipokuwa mdogo, aliugua nini?"

"Marahaba. Koo tu, mwanangu, kila majira ya baridi. Ila kuna mwaka magoti yalimvimba, leo hili, kesho lile. Tukamkanda kwa majani, akapona, akawa anaruka kama swala."

"Magoti yalipona, mama. Moyo ndio haukupona. Homa ile ya koo ndiyo iliyovimbisha magoti, ikaanza na kuula moyo."

Efrazia aliweka kikombe chini.

"Basi Evelina, binti yake huyu, naye juzi magoti yamemvimba."

Siku hiyohiyo wawili hao walipanda Hiace hadi Mlalo. Walimkuta Evelina uani, amepata nafuu, akipukuchua mahindi na baba yake, Kristofa. Paskalina alieleza kwamba mtoto apelekwe hospitali apimwe, na huenda akahitaji sindano ya kuzuia homa hiyo isirudi, kila mwezi, kwa miaka mingi.

Kristofa alikunja uso. "Mtoto huyu anacheza, nesi! Nimtoboe kwa miaka mingi kwa ugonjwa usioonekana?"

"Ungeonekana, baba, tungekuwa tumechelewa."

Kristofa alitikisa kichwa, akarudia mahindi yake. Hapo Efrazia alichukua sweta la mjukuu wake, akamvalisha mwenyewe.

"Mkwe wangu, maneno yako ndiyo niliyosema mimi juu ya mkeo. Nenda wodini kasikilize anavyohema, kisha urudi unikataze."

Kristofa alimtazama mama mkwe wake, kisha binti yake. Akainuka taratibu, akafuata viatu vyake.

Yusta alijifungua salama, lakini ilibidi apelekwe Dar es Salaam kupasuliwa moyo. Alirudi hai, ila mzigo wa kuni hawezi tena kuupandisha mlimani. Evelina alipimwa, na sasa huchomwa sindano yake kila mwezi. Hulia kidogo, kisha hukimbilia shuleni. Paskalina kila akimpima husikia moyo ukidunda sawasawa. Siku hizi yeye na daktari yule huwauliza wagonjwa walio watu wazima habari za utoto wao, na watoto wenye koo bovu hawarudishwi nyumbani kwa maneno matupu.

Mama alipasuliwa kifua. Binti alitobolewa ngozi tu. Kweli, usipoziba ufa, utajenga ukuta.