Nani Amgeuze Shaame?

Hapo zamani, na si zamani ya kuambiwa, ni zamani niliyoishuhudia mwenyewe toka chanzo hadi tamati, Shaame alianguka kutoka juu ya mkarafuu, katika shamba la mkwewe. Akalala chali. Mgongo unamuuma, lakini vidole vya miguu vinacheza.

Mara akatokea mkwewe, Bi Time, sinia la mihogo kichwani. Akauliza ni mkwe gani huyu, kumlalia mama yake mapaja wazi? Shaame akaona haya. Akamwomba shemegi yake, Faki, mwana wa Bi Time, amkalishe. Faki akamtia mikono kwapani, akamwinua. Mgongo ukalia ko. Tangu hapo miguu kimya.

Daktari akawaeleza: ndani ya mifupa ya mgongo mnapita ugwe laini, ndio njia ya habari za ubongo. Ukijeruhiwa, amri haishuki, maumivu hayapandi, hata mkojo hutoka bila hodi. Angeachwa vile vile, akabebwa juu ya ubao, huenda angepona. Huenda pia ugwe ungevimba ukafa vivyo hivyo. Sasa ageuzwe kila mara, usiku na mchana, la sivyo vidonda vitamla naye hana habari.

Mkewe, Mize, alikuwa mja mzito, hamwezi peke yake. Alitakiwa mtu wa pili. Basi ubishi ukaanza, Shaame kalala katikati yao kama mkeka.

"Mimi nilisema neno tu," akasema Bi Time. "Neno halivunji mtu. Aliyeinua ni Faki."

"Niliombwa, mama. Ningekataa, ungeniita mkaidi. Aliyeomba ni yeye."

Wakazunguka hapo hapo, leo na kesho, na kila aingiaye humfinya Shaame mguu: hapa wasikia?

Shaame akachoka. "Miguu haisikii, lakini masikio Mungu kaniachia yote mawili. Haya, kosa langu, niliona haya mbele ya mkwe. Sasa hilo kosa litakuja kunigeuza?"

Kisha Bi Time akasema, si mmesikia, kakiri mwenyewe. Faki akatafuta kofia yake.

Lile sinia la mihogo nimelitia mimi, msilihesabu; bibi alikuja mikono mitupu. Mengine yote niliyaona. Usiku ulipoingia, Mize akasimama mlangoni akaita mtu wa pili.

Je, nani alistahili kuitika?