Chai ya Bi Kibibi Ilipopoa

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akimalize sasa, mwenye simu aizime, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Walikuwapo Muheza watu watatu, kila mmoja na chake alichojaliwa.

Mhando alijaliwa ulimi. Yeye ndiye mwenye kibanda cha video nyuma ya soko la machungwa, na filamu ikija kwa Kihindi, Kituruki au Kikorea, hushika maiki akawatafsiria watu kwa Kiswahili. Lugha zenyewe hajui hata moja. Lakini akiwa bibi kizee, unamsikia bibi kizee. Akiwa jenerali, watoto wa benchi la mbele wanakaa wima wenyewe.

Fundi Hemedi, mshona nguo, alijaliwa jicho. Hutazama filamu kama anavyomtazama mteja anayeingia dukani kupimwa: bega hili limeshuka, kifungo kile si cha shati lile. Siku moja alimtaja muuaji filamu haijafika hata robo, eti kwa kuwa upindo wa suruali yake ulikuwa na tope na nje kulikuwa kukavu. Watu walimzomea, kisha wakanyamaza mmoja mmoja.

Na Raya, binti wa muuza vitumbua, alijaliwa sikio. Kwa miaka minne alitazama tamthilia za Kikorea kwenye simu ya mama yake, bila darasa wala mwalimu, mpaka lugha ikamkaa. Ila mbele za watu hasemi. Kibandani hukaa benchi la nyuma kabisa, ncha ya mtandio mdomoni.

Sasa, juu ya hawa watatu alikuwapo Bi Kibibi, na huyu ndiye mwenye hadithi.

Ujana wake wote Bi Kibibi alifanya kazi katika jumba moja la sinema Tanga mjini. Yeye ndiye aliyekuwa na kurunzi. Ukichelewa, taa zimezimwa, anachukua tiketi yako, anaimulika namba, anakupeleka mpaka kwenye kiti chako gizani. Miaka ishirini na miwili alitazama kila filamu iliyopita pale, na zote alizitazama kwa kusimama. Jumba lilipofungwa wakamwuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Akasema, "Nimesimama vya kutosha. Nipeni pa kukaa." Wakang'oa kiti kimoja cha mahameli nyekundu, kile cha kujikunja chenyewe ukiinuka, akapanda nacho basi hadi Muheza.

Kiti hicho Mhando alikipigilia mbele ya kibanda, katikati. Wengine wote ni mabenchi. Ikawa desturi kwamba filamu ikiisha, aliyekaa pale ndiye husema wa kwanza, na kabla hajasema hakuna anayetoka.

Na Bi Kibibi alikuwa na kipimo chake. Huingia na kikombe cha chai ya tangawizi. Filamu ikiisha na chai imekwisha, basi filamu ile si kitu. Chai ikipoa kikombeni kwa kusahauliwa, hiyo ndiyo filamu. Kulikuja moja ya gharama kubwa, mabomu na mashujaa wa kuruka. "Wamebomoa miji mitatu," akasema, "na mimi nimemaliza birika." Lakini ilipokuja tamthilia ya Kituruki ambayo mume anamtazama mkewe karibu dakika nzima bila neno, alikiinua kikombe baridi watu wakione. "Yule kijana anajua kazi. Ana macho yanayosema hata asipoambiwa." Na ile filamu ndogo ya vijana wa Dar, ya dada wawili na gauni moja la harusi, sauti inakwaruza na taa za kubahatisha, aliisifu wiki nzima. "Mmemwona dada mkubwa alivyolikunja lile gauni? Chai yangu ilifanya utando!" Alikuwa mwepesi wa kusifu kuliko kukosoa, na akisifu, mtu alitoka pale akijiona kama filamu kaitengeneza yeye.

Basi wakawa katikati ya tamthilia moja ya Kikorea, kila Jumapili baada ya alasiri sehemu moja. Ilikuwa ya binti dobi aliyeachwa stesheni ya treni akiwa mdogo, na mama mwenye nyumba mkorofi asiyekwisha mlangoni kwake. Sehemu zote ni kumi na mbili. Walipomaliza ya nane, macho ya Bi Kibibi yakafungwa. Presha ya macho ilikuwa imemla polepole, na daktari akasema pole, haya hayarudi.

Akaacha kuja. Watu wakataka tamthilia iendelee, Mhando akakataa. "Kiti kikiwa kimejikunja, mimi sibonyezi."

Wale watatu walimfuata nyumbani. Walimkuta barazani, kikombe kitupu mkononi.

"Shikamoo bibi," Raya akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kunitazama? Nitazameni basi, maana mimi siwaoni." Kisha sauti ikamvunjika. "Wanasema nishukuru, masikio ninayo. Nashukuru. Lakini tangu macho yaondoke chai nainywa yote, kila siku, ikiwa moto. Hakuna cha kunisahaulisha." Akaweka kikombe chini. "Nasema mbele ya majirani hawa. Mtu atakayenipozea chai yangu tena, kile kiti ni chake. Mtu mmoja. Na kusema wa kwanza kutakuwa kwake."

Jumapili iliyofuata wakamwongoza mpaka kitini, Mhando akajaribu kwa sehemu ya tisa. Alitia kila sauti aliyonayo. Mama mwenye nyumba alidai kodi, akatukana, akapiga mlango, benchi zima likamlaani. Bi Kibibi akamwaga machicha ya tangawizi chini. "Mhando baba, ulimi wako ni asali. Lakini nimemsikia yule mama analia kwa nyuma ya sauti yako. Tangu lini mwenye nyumba anadai kodi akilia?"

Sehemu ya kumi Hemedi akakaa karibu yake na kumnong'oneza kila kitu. Koti la kijivu, vifungo vinne, cha tatu kimeshonwa kwa uzi mweusi. Pazia limepungua urefu. Kikapu cha dobi kina mpini mmoja. Bi Kibibi akapindua kikombe kitupu. "Hemedi, filamu yote umenivisha. Kuiona sijaiona."

Sehemu ya kumi na moja Raya alisogea, akamwambia sikioni neno kwa neno. Na katikati akasema, "Bibi, huyu si mwenye nyumba. Ndiye mama yake. Ndiye aliyemwacha stesheni, na anakuja mlangoni kuomba msamaha. Mimi nilijua tangu sehemu ya tatu."

"Mbona hukusema?"

"Nani anamsahihisha Mhando mbele za watu, bibi?"

"Umeniambia kweli," Bi Kibibi akasema. "Ila umeniambia kama tangazo la maji kukatika." Na chai ilikuwa imekwisha.

Ikabaki sehemu moja. Wiki ile Hemedi alikwenda kwa Mhando, Raya akiwa nyuma yake, wakamweleza. Mhando alikaa juu ya spika. Sehemu zote kumi na moja amewachukiza watu mama wa watu! Angeweza kuendelea hivyohivyo, hakuna ambaye angejua ila watatu hao na mzee mmoja kipofu. Usiku wake hakulala vizuri, na hilo alilisema mwenyewe baadaye.

Jumapili kibanda kilijaa mpaka mlangoni. Mhando akashika maiki. "Ndugu watazamaji. Yule mama mwenye nyumba mnayemlaani si mwenye nyumba. Ni mama mzazi wa binti. Nilikosea mimi, tena tangu mwanzo."

Mara sauti kutoka nyuma, "Na yule mbwa je, ni mbwa kweli?"

Kibanda kikacheka mpaka mabati yakalia, na Mhando akacheka nao, ingawa masikio yalimwaka moto. Akabonyeza.

Wakakaa hivi: Raya kwenye sikio la Mhando, Mhando kwenye maiki, Hemedi kwenye sikio la Bi Kibibi. Raya anasikia, Mhando anasema, Hemedi anaona. Bi Kibibi alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akakishusha gotini.

Filamu ikafika stesheni, ileile alipoachwa binti. Mama amesimama, binti amesimama, treni imepita. Mama akasema kitu kifupi sana. Mhando akafungua kinywa, Raya akamvuta mkono wa shati.

"Subiri. Kabadilisha."

"Kabadilisha nini?"

"Siku zote alimsemesha kwa heshima, kama mtu baki. Sasa ile heshima kaiacha. Kamsemesha kama aliyemzaa. Anamwuliza kama amekula."

"Basi?"

"Basi. Umekula, tu."

Mnamjua Mhando. Siku nyingine angetia hapo Mungu, machozi na miaka ishirini ya majuto. Safari hii alisogeza maiki karibu, akatoa sauti ya mwanamke mzee aliyechoka, akasema kama mama wa Muheza anavyomwita binti aliyemtoa tumboni mwake:

"Mama... umekula?"

Mabenchi yakatulia. Na kwenye filamu pia pakatulia. Hakuna neno, hakuna muziki.

Bi Kibibi akainama mbele. "Kajibu nini?"

"Hajasema kitu, bibi," Raya akanong'ona. Sikio halina la kusikia. Mhando naye ameshika maiki, ulimi hauna la kutafsiri.

Hemedi ndiye aliyesema. "Bi Kibibi, kola ya koti la binti imejikunja nyuma. Mama kainua mkono aiweke sawa. Lakini binti ni mrefu, mkono haufiki."

"Enhe?"

"Binti ameinama."

"Ameinama?"

"Kidogo tu. Ili mkono ufike."

Bi Kibibi akalia waziwazi, bila kujificha, na kwenye mabenchi waliolia walikuwa wengi. Filamu ikaisha. Hakuna aliyetoka. Akapapasa kikombe gotini, akachovya kidole.

"Imepoa," akasema. "Jamani, imepoa ji! Nimemwona akiinama. Nimemwona kwa macho yangu."

Kelele zilizozuka kibandani hazisemeki. Zilipotulia, mtu akauliza lile ambalo kila mtu alikuwa nalo: kiti cha nani?

Mhando akasema, "Mimi sikuomba, ila tuseme haki. Raya alileta 'umekula'. Nani aliifanya ikaingia moyoni? Na nani alijivua nguo mbele ya kibanda chake mwenyewe, akakiri? Bila hilo mngekaa hapa mnamlaani mama wa watu mpaka mwisho."

Hemedi akasema, "Ulimi wako ulifika mwisho, ndugu yangu, na sikio likafika mwisho. Palipobaki kimya, nani alikuwapo? Chai ilipoa kwenye neno 'ameinama', na neno lile nimelisema mimi."

Raya akasukumwa na mama yake kwa kiwiko. Ndipo akatoa mtandio mdomoni, akasimama, kwa mara ya kwanza mbele ya watu wote wale. "Asipokuwa mama yake, kuinama kuna maana gani? Angekuwa mpangaji anayerekebishwa kola na mwenye nyumba."

Kibanda kikagawanyika. Wauza machungwa wote upande wa Mhando, wanawake wengi upande wa Raya, na wale waliowahi kumzomea Hemedi safari hii wakawa naye. Muuza karanga akashauri wakae kwa zamu, Jumapili moja moja. Bi Kibibi akatikisa kichwa. "Nilisema mtu mmoja, na majirani walinisikia. Kiti kikiwa cha watatu, filamu ikiisha watasema watatu kwa pamoja, na hapo hakuna atakayesikilizwa."

Akainuka, kiti kikajikunja nyuma yake. Akaweka mkono juu ya mahameli.

"Miaka ishirini na miwili," akasema, "kazi yangu ilikuwa kumpeleka mtu kwenye kiti chake gizani. Wakija wawili na namba moja, namulika tiketi, namjua mwongo, namtoa nje. Leo wamekuja watatu na namba moja. Nimezipapasa tiketi zao. Zote za kweli."

Hiyo ilikuwa Jumapili ya juzi. Tamthilia mpya iko tayari, wanasema ya mama mkwe na shamba la chai, nzuri ajabu. Mhando habonyezi mpaka kiti kishuke. Hemedi amesimama ukutani, Raya amesogea mpaka benchi la pili. Bi Kibibi yuko pembeni amesimama kama zamani, kikombe mkononi, na anainywa ikiwa moto.

Basi ninyi mlionyamaza muda wote huu, kurunzi nimewapa. Mmulikeni mmoja. Nani akae?