Kiboko Aliyeifuata Hesperia

Hadithi imesimama mlangoni!
— Ifungulieni, iingie!
Imekuja na uongo wake!
— Uingie nao, utamu tuubakize!

Hapo kale, kiangazi kilikausha mito yote ya nchi, likabaki bwawa moja. Kiboko akajitumbukiza humo, chubwi! akasema ni lake peke yake. Twiga akaja kunywa, akafukuzwa. Nyati akaja kunywa, akafukuzwa. Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, akawatazama wanawe wakilamba mawe kutafuta umande, moyo ukamuuma.

Siku hiyo Korongo alirudi kutoka ng'ambo, akamsimulia Pimbi habari za Hesperia. Wayunani wa kale waliiita hivyo nchi ya machweo, yenye bustani ya matofaa ya dhahabu yanayolindwa na joka. Lakini walioifuata hadi Italia waliambiwa iko mbele, Uhispania. Na wa Uhispania nao walikuwa wakitazama baharini. Pimbi akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akawaza.

Asubuhi akateremka bwawani.

"Shikamoo, mjomba," akasema. "Kuna matofaa ya dhahabu Hesperia. Ila yana joka. Huenda hutaliweza."

"Mimi nisiliweze?" Kiboko akanguruma. "Iko wapi hiyo Hesperia?"

"Linakotua jua."

Kiboko akauliza nani atamlindia maji yake. Pimbi akasema ni yeye mwenyewe, wala hatabandua mguu hapo.

Kiboko akaenda, puu, puu, puu. Akafika kilimani, akamuuliza Kobe kama hapo ndipo Hesperia. Kobe akalitazama jua, akamjibu bado, ni mbele kidogo. Puu, puu, puu. Akafika msituni, akamuuliza Kima. Kima akalitazama jua: bado, ni mbele kidogo. Puu, puu, puu. Akafika nchi nyingine, kwenye mto mpana, umefurika maji matamu, akamuuliza Kambare. Kambare akalitazama jua: bado, mbele kidogo. Basi Kiboko akauvuka mto ule mbio, hata tone asionje.

Huku nyuma, wanawe Pimbi waliingia bwawani hadi masikioni. Twiga akatanua miguu, akanywa. Nyati akanywa. Pimbi akanywa wa mwisho, taratibu, gudu, gudu, gudu, tumbo likawa ngoma.

Hadithi yangu imekwisha. Aliyeisikia ameshiba, aliyesinzia shauri yake. Na funzo lake, wanangu, lishikeni sana: msipoteze muda kusikiliza hadithi za nchi za mbali. Hazijawahi kumnywesha mtu maji.