Sultani na Kisu cha Bi Kazija

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmenyimwa chakula? Paukwa!

— Pakaaawa!

Ee, hapo sawa. Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, aliishi bwana aliyeitwa Vuai. Alikuwa na paka dume, akamwita Sultani. Ajisifu, ajisifu! "Kijiji kizima, paka mwanamume ni wangu."

Lakini Sultani hakai nyumbani. Kutwa kucha yuko juu ya mapaa ya watu, nyauuu! nyauuu! anatafuta wake. Akirudi, sikio limechanika. Akitoka tena, anarudi anachechemea. Huku nyuma, darini kwa Vuai, panya wanakula mbegu za mpunga, kwaru-kwaru-kwaru, na masika yanakaribia. Zikiisha, atapanda nini? Na mlangoni hakukosi kapu la vitoto vya paka. Majirani wanacheka: "Vuai, pokea wajukuu zako!"

Alikuwepo bibi mmoja, Bi Kazija, fundi wa kuhasi mabeberu. Akamwambia, "Mwanangu, niletee Sultani nimhasi. Atatulia."

Vuai akaruka, mikono miwili mbele ya msuli aliojifunga kiunoni. "Mwanamume mwenzangu? Haiwezekani!"

"Teremsha mikono, mwanangu. Sijakutaja wewe."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Vuai akaenda zake, amenuna.

Haukupita muda, Sultani akarudi anajikokota. Jicho limefumba, paja linatoka usaha, maziwa hayataki. Vuai akampakata, akalia. Ndiyo, alilia, bwana mzima! Akambeba mbio hadi kwa Bi Kazija. "Bibi, anakufa huyu. Fanya utakalo."

Bi Kazija akaosha kidonda kwa maji ya chumvi. Akamlisha mchuzi wa samaki mpaka nguvu zikarudi. Kisha kisu, kwach! Kwisha. Aliyepiga kelele ni Vuai.

Sultani akatulia. Akanenepa. Akahamia darini. Kwaru-kwaru ikakoma, na mbegu zilizobaki zikafika shambani. Makapu ya wajukuu nayo yakakoma.

Vijana wakamchokoza: "Vuai, na ule uanaume wa Sultani?"

"Waulizeni panya."

Kesho yake walijipanga kwa Bi Kazija, kila mmoja paka kwapani, na mkono mmoja mbele ya msuli.

Basi wenzangu, ukifuga mnyama, mtazame afya yake, usitazame sifa zako. Bi Kazija ametangulia mbele ya haki, ila kisu chake kipo. Mimi hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye paka dume nyumbani anyanyuke akamlete!