Programu ya Zamu za Maji

Mashavu alitunga programu ya kupanga zamu za maji mtaani. Bwana Tindwa, mwenye nyumba wake, akaitolea macho.

“Nipe, la sivyo hama!”

“Chukua, baba, hata uibadilishe. Ila utakayempa, mpe na kazi yote utakayoongeza, naye agawe apendavyo.”

“Nani ataiulizia? Nimekubali!” Tindwa akacheka mbele ya wapangaji wote.

Akaajiri mafundi, wakahangaika nayo mpaka ikakubali hata kwenye vitochi, zile simu ndogo za vibonyezo, akaanza kuiuza. Mteja wa kwanza alikuwa Mashavu.

“Na kazi ya mafundi, baba, kama ulivyokubali.”

Wapangaji walioshuhudia wakamkodolea Tindwa macho. Akatoa yote, na Mashavu akaanza kuigawa. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa nayo bure.

“Umeniibia, Mashavu!”

“Hata kidogo, baba. Vitochi vilinishinda, na mafundi siwawezi bei. Nikamngoja tajiri asiyependa kusikiliza.”